Matope Nyuma ya Ploti Yako Si Hasara: Panda Sesbania, Nyuki Watajileta Wenyewe

Kuna kitu ploti nyingi za Nairobi ziko nacho na hakuna lendilodi hukitaja akikuonyesha nyumba: ile kona ya matope. Unaijua. Iko pale nyuma, mahali maji ya kufulia yanamwagwa na maji ya mvua yanakuja kupumzika kuanzia Machi hadi Juni. Mbu wako hapo, vyura wako hapo, na kiatu kimoja cha mtoto wa jirani kilizama hapo na hakijawahi kurudi.

Sisi tuliishi na kona kama hiyo huko Njiru miaka kadhaa. Kama unajua Njiru, Ruai, Mwiki, Embakasi, unajua ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha unageuka gamu, unakushika gambuti hadi unatoka na soksi peke yake. Maji hayaendi popote, yanakaa tu. Tulipanda miti miwili ya maparachichi pale na yote miwili ikakauka, ikiwa imesimama ndani ya maji. Parachichi linakufa kwa kiu ndani ya dimbwi! Nilidhani ni laana.

Lakini hii story inaanza na malenge.

Mathe alikuwa na kashamba kadogo kando ya hiyo kona, pale juu kidogo ambapo maji hayafiki. Sukuma, nyanya chache, pasheni imepanda fensi, na malenge. Seveve alikuwa anauzia majirani finje kwa fungu, na malenge yenyewe ndiyo ilikuwa doh ya kweli, kwa sababu lenge moja kubwa ukilikata vipande linalipa kuliko sukuma ya wiki mzima. Msimu mmoja, mambo yakaenda mrama. Mmea uko fiti, majani mapana ka sahani, maua ya njano kibao. Vilenge vidogo vinatokea, saizi ya gololi, vinakaa siku mbili tatu, vinageuka njano, vinaanguka. Wiki baada ya wiki. Mathe akalaumu mbegu. Mimi nikalaumu msee wa agroveti. Jirani akalaumu jicho la mtu.

Msee mmoja mzee aliyekuwa anatuletea samadi ndiye alituuliza swali rahisi: mmeona nyuki hapa hivi karibuni? Tukaangaliana. Hakuna hata mmoja.

Ngoja nikupe rada kidogo hapa. Malenge iko na maua ya kiume na ya kike kwa mmea mmoja. La kiume limesimama juu ya kijiti chembamba, halina kitu chini yake. La kike limekaa juu ya kilenge kidogo tayari, kama mtoto amebeba kofia. Chavua, ule unga wa njano, lazima utoke kwa dume ufike kwa jike, na ni mzito tena unanata, upepo haubebi. Lazima mdudu aubebe. Na saa ziko chache: ua linafunguka alfajiri na kufikia mchana limeshajikunja. Hakuna nyuki asubuhi hiyo, hakuna lenge. Mmea unaona hicho kilenge hakina mbegu ndani, unakitupa. Ndiyo ile gololi ya njano unaokota chini.

Ukitaka kuhakikisha hiyo ndiyo shida kwako, amka saa kumi na mbili unusu, chuna ua la kiume, toa petali zake, halafu pakaza kile kijiti cha kati ndani ya ua la kike. Mathe alifanya hivyo kwa maua sita. Vilenge vitano vikashika. Kwa hivyo mbegu ilikuwa sawa, udongo ulikuwa sawa, na msee wa agroveti nilimwomba msamaha kimoyomoyo. Kilichokosekana ni wafanyakazi.

Na si malenge peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 uliangalia mazao makuu 115 ya chakula duniani, ukapata 87 yanategemea wadudu au wanyama wengine kwa kiwango fulani ili yazae. Sukuma ya kula majani haijali nyuki. Lakini malenge, tikiti, matango, pasheni, hata kahawa yako, hapo nyuki ana sauti.

Sasa, nyuki haji mahali kwa sababu umemwomba. Anafuata chakula. Ploti imejaa simiti, mabati na ua moja la malenge linalofunguka masaa machache. Kwa nini apoteze mafuta kuja huko? Anataka mahali pa uhakika, kichaka chenye maua mengi kwa muda mrefu. Na sisi nafasi pekee tuliyokuwa nayo ya kichaka ilikuwa ile kona ya matope, iliyoua maparachichi.

Hapo ndipo sesbania inaingia.

Ni mti gani huo?

Jina la kitaalamu ni Sesbania sesban. Pengine umewahi kuiona bila kuijua, maana inamea yenyewe kando ya mito na kwa vinamasi sehemu nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Ni kichaka kirefu au mti mfupi, inategemea umeamka na mood gani ya kuipunguza. Majani yake ni kama unyoya: kijiti kimoja, vijani vidogo vimejipanga pande zote mbili, jozi kwa jozi. Maua ni ya njano, yananing'inia kwa vishada, na ukigeuza ile petali ya nyuma utaona imenyunyiziwa madoadoa ya zambarau au kahawia, kama mtu alikuwa anapiga rangi karibu. Maganda yake ni membamba na marefu, kama maharagwe mabichi yaliyovutwa.

Na kweli ni ndugu ya maharagwe, familia moja na kunde na njugu. Hiyo si stori ya ukoo tu. Ukichimba mizizi yake utaona vinundu vidogo, saizi ya kichwa cha pini hadi ya mbegu ya mtama. Ndani kuna bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani na kuigeuza mbolea. Pasua kimoja: kikiwa cha waridi ndani, kazi inaendelea. Ndiyo maana watafiti wa ICRAF, wale makao yao makuu yako hapa Gigiri, walifanya kazi na wakulima wa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 kupanda sesbania kwa mashamba ya mahindi yaliyochoka, wayapumzishe msimu mmoja au miwili, halafu mahindi yarudi. Mti wa ushago ambao hauna aibu, ndio huo.

Lakini kwetu kilichotubamba ni vile unavumilia maji. Hapa ndipo nilielewa laana ya maparachichi. Mizizi inapumua, wasee. Inataka hewa. Udongo ukijaa maji, zile nafasi ndogo za hewa katikati ya chembe za udongo zinajaa maji, na mizizi inakosa pumzi, inaoza. Mti unashindwa kunyonya maji huku umesimama ndani ya maji. Sesbania imepata njia yake: maji yakifika, inajenga tishu laini kama sponji kwa shina na mizizi, zenye mirija ya kupitisha hewa kutoka juu hadi chini, na inatoa mizizi mipya karibu na uso wa maji. Ni kama mtu anayeogelea na mrija mdomoni. Kinamasi kwake ni nyumbani.

Na lile ua limejengwa kwa ajili ya nyuki wenye mwili. Petali ya nyuma ni bango la kuita wateja. Mbili za pembeni ni mabawa. Mbili za chini zimeungana kama mtumbwi, na chavua imefungiwa humo ndani. Nyuki akitua, uzito wake unasukuma mtumbwi chini, chavua inatokea na kumpaka tumboni. Akienda ua lingine anaiacha. Nyuki wa asali anaweza. Nyuki mkataji majani, yule anayekata viduara safi kwa majani ya waridi, anaweza. Lakini bosi wa hii kazi ni yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao, anayenguruma kama bodaboda inapanda mlima. Akitua kwa ua la sesbania, tawi lote linainama.

Huyo mnene ndiye unataka kwa ploti yako kuliko wote, na nitakuambia kwa nini. Ua la nyanya limeficha chavua ndani ya vimirija; inatoka ua likitikiswa. Upepo unatikisa kiasi, kwa hivyo nyanya inazaa hata bila mgeni. Lakini huyu nyuki mnene analishika ua, anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na chavua inamwagika kama chumvi. Nyuki wa asali hajui hiyo mbinu. Na kwa pasheni ya njano huyo mnene ndiye tegemeo, kwa sababu ua la pasheni ni kubwa, na nyuki mdogo anapita chini akiiba nekta bila kugusa penye kazi.

Kupanda: hapa wengi huharibu mapema

Mbegu unaweza kupata kwa kituo cha mbegu cha KEFRI kule Muguga, au kwa nasari za miti, au kwa mtu yeyote aliye nao ushago, kwa sababu mti mmoja unamwaga mbegu za kugawia kijiji. Makosa ya kwanza ni kuzichukua na kuzichomeka kwa udongo hivyo hivyo. Ganda lake ni gumu na halipitishi maji. Chache zitaota, zingine zitakaa chini zikikuangalia.

Chemsha maji, zima moto, acha dakika chache yasiwe yanatokota tena. Weka mbegu kwa kikombe, mwaga maji juu yake, mengi kuliko mbegu mara tano hivi. Ziache zipoe humo hadi asubuhi. Zilizovimba ni za kupanda siku hiyo hiyo. Ambazo hazijavimba, rudia, au chukua nelikata ukwaruze ganda kidogo upande ulio mbali na lile jicho la mbegu, halafu uloweke tena. Usizipike kwa jiko kama githeri. Kuna beshte yangu alizipika.

Panda kwa pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, kina cha sentimita moja hivi. Mbili kwa pakiti, baadaye utang'oa ile dhaifu. Kwa wiki moja au siku kumi utaona vichwa. Weka pakiti mahali pana jua, maji kidogo kila siku, na baada ya wiki sita hadi nane, ikifika urefu wa rula ya shule, iko tayari kuhamia kwa matope. Piga hesabu yako ili siku hiyo iangukie mvua ya masika inapoanza au ile ya vuli ya Oktoba.

Mti mzima unavumilia maji, lakini mtoto bado hajajenga ile sponji. Usimzamishe. Lundika udongo kidogo, kimo cha tofali, panda juu yake, mizizi itashuka yenyewe kutafuta maji. Acha mita moja kati ya mti na mti kama unataka fensi. Kama unataka kichaka kimoja tu cha nyuki, kipe nafasi ya mita mbili kila upande.

Wiki za kwanza itakuboesha. Inakua polepole, na magugu yanaifunika. Palilia. Hiyo miezi miwili ya kwanza ndiyo kazi yote ya sesbania, nakuahidi. Baada ya hapo inaondoka kama matatu ya usiku. Kwa mazingira mazuri inaweza kufika mita 4 au 5 ndani ya mwaka wa kwanza. Yetu ilitoa maua mwezi wa sita.

Maji ya kufulia inavumilia, hata yenye chumvi kidogo, lakini ile ya kwanza yenye sabuni nzito na jiki mwaga kwingine. Ipe yale ya kusuuza. Kiangazi, kama matope yamekauka hadi nyufa, ipe mtungi mmoja wa lita 20 mara mbili kwa wiki. Haitakufa haraka ukisahau, lakini itaangusha maua, na ukipoteza maua umepoteza nyuki, tumerudi kwa malenge ya gololi.

Panga, mbawakawa na keyateka

Mti wetu wa kwanza haukuuawa na mdudu. Uliuawa na keyateka. Alisema kichaka kinafuga nyoka, akaja na panga Jumamosi moja tukiwa kazini, akaukata hadi kisigino. Alikuwa na roho safi, alitaka ploti ikae nadhifu. Tukangoja uchipue. Haukuchipua.

Miti mingine kama lusina ukiikata chini inarudi na hasira. Sesbania hapana. Ukiikata chini ya nusu mita, kuna uwezekano mkubwa wa kufa. Ikate kimo cha kiuno, na usiwahi kuinyoa kipara: acha matawi machache yenye majani ili iendelee kujilisha. Tena usikate yote siku moja. Kama una miti mitatu, punguza mmoja, subiri urudi kwa maua, nenda kwa mwingine. Hivyo nyuki hawakosi menyu hata wiki moja. Na ongea na keyateka mapema. Mpelekee lenge.

Majani unayokata ni mali. Mbuzi na ng'ombe wanayapenda, mradi uchanganye na nyasi, isizidi thuluthi ya chakula. Vifaranga usiwape kabisa, yanawaua. Kama huna mifugo, tandaza chini ya malenge na sukuma. Yanaoza haraka sana na ile nitrojeni inaingia kwa udongo. Matawi makavu ni kuni za kuwaka mbio, chai inaiva, ingawa kwa maharagwe utapiga magoti ukiongeza kila dakika tano.

Adui mkubwa ni mbawakawa fulani mdogo anayekula majani, yeye na watoto wake, na wakikuja wanakuja kama mbogi. Asubuhi unakuta mti umebaki mifupa. Wakague chini ya majani mara mbili kwa wiki wakati wa mvua, hasa miche ikiwa midogo. Watikise waanguke kwa beseni la maji ya sabuni. Najua mkono unawasha kununua dawa. Fikiria kwanza: umepanda huu mti kuita nyuki, halafu unamwaga sumu kwa meza yao? Ukilazimika kabisa kupiga dawa kwa mboga zilizo karibu, fanya jioni nyuki wakishalala, na usiguse maua yaliyofunguka.

Kitu kingine wengi hawaambiwi: sesbania inakaribisha minyoo fundo, wale wadogo wasioonekana wanaofanya mizizi ivimbe mafundo. Nyanya inawaogopa sana hao. Kwa hivyo usipande nyanya miguuni mwa sesbania, wala mahali ulipong'oa sesbania msimu uliopita. Weka nyanya mita kadhaa mbali. Nyuki ana mabawa, atafika. Na usichanganye haya mafundo na vile vinundu vya nitrojeni: kinundu kizuri kimeshikilia kando ya mzizi na kinabanduka kwa kucha, fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba.

Sasa ngori: kuogopa kuumwa

Ukisema nyuki kwa ploti yenye watoto, watu wanaona movie. Nielewe vizuri. Sikuambii uweke mzinga. Nyuki wa asali wa huku kwetu ni wakali wakilinda mzinga, na ploti si mahali pake. Lakini nyuki aliye kazini kwa ua hana kitu cha kulinda. Anakula, anaondoka. Na yule mnene mweusi wa mbao anaishi peke yake au na wenzake wachache, hana jeshi. Dume lake hata mwiba halina. Jike anaweza kukudunga, lakini lazima umfinye mkononi, na hapo kosa ni lako. Panda kichaka mita kadhaa kutoka mlangoni na kutoka kwa kamba ya nguo, tusizozane na mama watoto. Na kama kuna mtu kwenu ambaye akidungwa anafura uso na kukosa pumzi, hiyo ni hospitali mbio, na kichaka kikae mbali zaidi.

Acha pia kigogo kimoja kikavu kando ya fensi. Huyo mnene anatoboa humo nyumba yake. Usipompa kigogo ataangalia mbao za paa, na hapo lendilodi ana haki ya kulalamika.

Kuhusu mbu, sesbania haiwafukuzi. Dimbwi lililotulia zaidi ya wiki moja linazaa mbu, iwe kuna maua au hakuna. Sisi tulichimba vifereji vya kina cha kiganja vinavyopeleka maji kwa mizizi, ili yasambae na kuingia chini badala ya kusimama. Matope yalibaki, dimbwi likaisha.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kama kona yako haina maji ya mvua na ya kufulia bali ni sua iliyopasuka, sesbania itamea vizuri sana, na hiyo ndiyo hatari, kwa sababu utaona kijani ufikiri mahali ni safi. Kichaka hakisafishi choo. Usipande mboga za kula hapo kando. Ripoti sua kwanza, sumbua watu, halafu ndio tuzungumze bustani.

Vivyo hivyo kwa wale mko kando ya mto. Hakuna mtu wa Nairobi amesahau Aprili 2024, vile maji yalipita Mathare yakibeba nyumba na watu. Mizizi ya sesbania inashika ukingo, inapunguza udongo unaomeguka kila mvua, na vijana wanaopanda miti kando ya mto wangefanya vizuri kuichanganya na miti ya kudumu. Lakini kichaka hakizuii mafuriko kama yale, na mtu asikuuzie hiyo ndoto. Kanuni zinataka ukingo uachwe wazi mita 6 hadi 30 kutoka pale maji hufika yakijaa, na huo ukanda ni wa mto. Panda, ondoka, usiweke keja.

Jambo la mwisho unalofaa kujua kabla hujaipenda sana: haiishi sana. Miaka michache, mara nyingi mitano au chini, halafu shina linaanza kukauka kutoka juu. Usingoje hadi siku hiyo. Maganda yakianza kugeuka kahawia lakini kabla hayajapasuka, yachune asubuhi kukiwa na umande, yaanike juu ya gunia, yapasuke humo. Vidudu vya maghala vinapenda hizo mbegu, kwa hivyo zitupe zilizotobolewa, zilizobaki zifunge kwa mkebe mkavu wenye kifuniko. Kila mwaka panda mche mmoja au miwili mipya kando ya mzee. Ule wa pili wetu sasa uko na watoto watatu.

Msimu ule sesbania ilipotoa maua, Mathe aliacha kuamka saa kumi na mbili unusu na ua la kiume mkononi. Si ati mabadiliko yalikuja siku moja. Wiki ya kwanza nilihesabu nyuki wawili, mmoja wao nafikiri alikuwa amepotea. Wiki ya tatu kulikuwa na ngurumo asubuhi hadi jirani wa juu akauliza nani ananyoa nywele na mashine mapema hivyo. Vilenge vikaanza kupita saizi ya gololi, saizi ya ngumi, saizi ya kichwa. Pasheni, ambayo tulikuwa tumeisahau kwa fensi, ikazaa hadi waya ukalegea. Keyateka alipelekewa mbili na lenge moja, na siku hizi akiniona na panga ndiye wa kwanza kuuliza nimepima kiuno kwanza ama nini.